Kellen Moore: Misimu Sita ya Benchi Iliyozaa Kocha

Super Bowl ya 59, fainali ya NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, ilianza saa nane na nusu usiku kwa saa za Afrika Mashariki, ikiingia tarehe 10 Februari 2025. Kulipopambazuka, Philadelphia Eagles walikuwa wameshawachapa Kansas City Chiefs 40-22 mjini New Orleans. Kamera zilimganda Jalen Hurts wa Eagles, aliyetangazwa mchezaji bora wa fainali, kisha zikamhamia kocha mkuu Nick Sirianni. Macho yangu yalikuwa yakimtafuta mtu mwingine, mpole, mwenye umri wa miaka 36, ambaye ukipishana naye barabarani huwezi kudhani aliwahi kuvaa helmeti ya mchezo huu. Kellen Moore ndiye aliyekuwa akichagua mashambulizi ya Eagles, moja baada ya jingine. Tarehe 11 Februari, New Orleans Saints, wenyeji wa uwanja uleule, walimtangaza kuwa kocha wao mkuu.

Wengi wameanza kumfuatilia kuanzia hapo. Mimi naona penye somo kubwa zaidi ni nyuma ya hapo: miaka saba ya ukocha msaidizi, na kabla yake misimu sita ambayo kwa hesabu ya kawaida ya mchezaji ilikuwa hasara tupu. Swali langu ni moja. Ilikuwaje kwotabeki aliyeshinda mechi nyingi kuliko wote kwenye ngazi ya juu ya vyuo akashindwa kabisa kama mchezaji wa kulipwa, halafu kilekile kilichoonekana hakitoshi uwanjani kikamfanya kocha msaidizi anayegombewa?

Kwanza tuelewane kuhusu nafasi yenyewe. Katika futiboli ya Kimarekani, kwotabeki ndiye anayeupokea mpira karibu kila shambulizi linapoanza. Timu haichezi kwa mfululizo kama kwenye kandanda. Inacheza kwa vipande vifupi vya sekunde chache, na kila kipande kina mchoro wake uliopangwa: nani akimbilie wapi, nani amzuie nani, pasi ya kwanza iende kwa nani na ikizibwa iende kwa nani. Kocha anautaja mchoro kupitia redio iliyo ndani ya helmeti ya kwotabeki, na redio hiyo hukatika saa ya kuanzisha mchezo ikibakiwa na sekunde 15. Kuanzia hapo kwotabeki yuko peke yake. Anawatazama walinzi, anabashiri wanataka kufanya nini, na ikibidi anabadilisha mpango kwa kupiga kelele au kwa ishara ya mkono.

Moore alizaliwa kwenye kazi hiyo. Baba yake, Tom Moore, alikuwa kocha wa sekondari ya Prosser, mji mdogo wa mashamba ya matunda na zabibu katika jimbo la Washington. Kellen na mdogo wake Kirby walikulia kwenye mazoezi ya baba. Wote wawili wameishia kuwa makocha. Mwaka 2023 Kirby akawa mratibu wa mashambulizi, yaani kocha msaidizi anayeyapanga, wa Chuo Kikuu cha Missouri. Katika msimu wake wa mwisho wa sekondari, mwaka 2006, Kellen alipiga pasi 67 za tachidauni, yaani zilizofika hadi eneo la mwisho la wapinzani na kuleta pointi. Hata hivyo vyuo vikubwa havikumkimbilia. Alionekana mfupi kwa nafasi ile, miguu yake ilikuwa mizito, na mkono wake, wa kushoto, haukuwa na nguvu ya kutisha.

Boise State walimchukua. Chuo hiki cha Idaho kinajulikana kwa uwanja wake wenye nyasi bandia za buluu, zilizotandikwa tangu 1986, na wakati ule kilikuwa kikifundishwa na Chris Petersen. Mwaka 2007 Moore alifanya mazoezi bila kucheza mechi. Mwaka uliofuata akapewa timu.

Kilichofuata sijaona mfano wake. Kwa misimu minne, 2008 hadi 2011, Moore alianza mechi 53 na kushinda 50. Rekodi ya kwotabeki kushinda mechi nyingi katika ngazi ya juu ya vyuo ilikuwa ya Colt McCoy wa Texas, aliyeshinda 45. Moore alipiga yadi 14,667 za pasi na tachidauni 142, huku wapinzani wakidaka pasi zake 28 tu. Msimu wa 2009 Boise walimaliza na ushindi 14 bila kupoteza hata mechi moja, wakakifunga chuo cha TCU 17-10 kwenye Fiesta Bowl, mechi kubwa ya kufunga msimu. Waliokuwa wakisema kwamba wanatamba kwa kuonea vibonde walijibiwa uwanjani: Oregon walifungwa miaka miwili mfululizo, kisha Virginia Tech, kisha Georgia mjini Atlanta.

Na zile tatu alizopoteza? Walilala kwa TCU 17-16, kwa Nevada 34-31 baada ya muda wa nyongeza, na kwa TCU tena 36-35. Jumlisha tofauti zote: pointi tano. Katika mbili za mwisho mpigaji wa Boise alikosa mkwaju ambao ungebadilisha matokeo, na mikwaju si kazi ya kwotabeki. Kila nikizirudia namba hizi naduwaa. Miaka minne, mechi 53, na pointi tano tu zikimtenganisha na rekodi isiyo na doa.

Siri yake ilikuwa macho. Moore aliwasoma walinzi kabla mpira haujaanza kuchezwa, akaachia pasi mapema, wakati mwingine kabla mpokeaji hajageuka. Mchezo wa Boise nao ulijaa wachezaji wanaohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine kabla ya kuanza, na kazi ya kuhama kule ni kuwalazimisha walinzi waonyeshe mpango wao. Kwa kijana mwenye kichwa cha aina ile, kila aliyehama alikuwa amemletea taarifa.

Aprili 2012 ikaja drafti, siku tatu ambazo timu za NFL huchagua wachezaji kutoka vyuoni. Walichaguliwa 253. Makwotabeki kati yao walikuwa 11, na hata yule wa mwisho kabisa, Chandler Harnish wa Northern Illinois, alikuwa kwotabeki. Jina la Moore halikusomwa.

Baadhi ya mashabiki wa Boise bado wanaiita dhuluma. Mimi siiti hivyo, ingawa nawaelewa. Mwaka uleule Russell Wilson, mfupi kuliko Moore, alichaguliwa raundi ya tatu na kufikia msimu wake wa pili akashinda Super Bowl. Maana yake urefu peke yake haukuwa kizuizi. Wilson alikuwa na miguu ya kuwakimbia walinzi na mkono wa kurusha mbali. Moore hakuwa na kimojawapo. Katika NFL mlinzi anafika sekunde nusu mapema kuliko chuoni, na mpira usiokwenda kwa kasi unaingiliwa njiani. Macho yanaweza kuona pasi sahihi, lakini mkono ndio unaoifikisha.

Detroit Lions walimsajili bila drafti. Alikaa huko misimu mitatu, 2012 hadi 2014, na hakugusa uwanja katika mechi hata moja ya msimu wa kawaida. Mbele yake alikuwepo Matthew Stafford, ambaye miaka hiyo hakukosa mechi. Hebu mfikirie mtu aliyezoea kushinda kila wiki akiwa nyota wa mji mzima, sasa anavaa jezi safi na kuivua ikiwa safi, kwa misimu mitatu.

Kwotabeki wa tatu anafanya nini basi? Anaiga kwotabeki wa timu pinzani mazoezini ili walinzi wa timu yake wamzoee. Anahudhuria kila kikao. Anatazama mikanda ya video ya wapinzani kama atakayeanza yeye, akijua kwamba hataanza. Siku ya mechi anasimama pembeni na kumweleza anayecheza alichokiona. Ukiitazama kazi hii vizuri, ni kazi ya kocha msaidizi inayofanywa na mtu aliyevaa helmeti. Sipendi kuita miaka hiyo subira, kwa sababu subira ni kungoja, na Moore alikuwa akifanya kazi.

Na kuna aliyeiona. Mratibu wa mashambulizi wa Detroit alikuwa Scott Linehan. Alipohamia Dallas Cowboys mwaka 2014, Moore alimfuata mwaka mmoja baadaye, Septemba 2015. Hapa ndipo naanza kuamini kwamba kazi ya ukocha haianzii kwenye barua ya maombi. Inaanzia kwenye chumba cha vikao, mtu mmoja anapotambua kuwa yule kijana wa pembeni ndiye anayeuliza maswali ya maana.

Dallas walimpa Moore dakika pekee alizowahi kupata NFL. Mwaka 2015 kwotabeki wao mkuu, Tony Romo, alivunjika mfupa wa bega mara mbili, na mwezi Desemba zamu ikamfikia Moore. Aliingia katikati ya mechi dhidi ya New York Jets na pasi zake tatu zikadakwa na wapinzani. Akaanza dhidi ya Buffalo, wakafungwa 16-6. Akaanza tena dhidi ya Washington tarehe 3 Januari 2016, akapiga yadi 435 na tachidauni tatu, lakini walifungwa 34-23. Mechi tatu, tachidauni nne, pasi sita zilizodakwa, hakuna ushindi. Hapo ndipo takwimu zake za uchezaji wa kulipwa zilipoishia.

Kiini cha kisa hiki, kwangu, ni kiangazi cha 2016. Moore aliingia kambini akiwa kwotabeki wa pili nyuma ya Romo. Mwanzoni mwa Agosti akavunjika mguu mazoezini. Nafasi ya pili ikamwangukia kijana aliyechaguliwa raundi ya nne, Dak Prescott. Wiki chache baadaye Romo akaumia mgongo katika mechi ya maandalizi mjini Seattle, na yule kijana akawa wa kwanza. Cowboys walimaliza msimu na ushindi 13 dhidi ya vipigo vitatu. Romo hakurudi tena kuwa kwotabeki wa kwanza.

Mguu wa Moore ndio uliomfungulia Prescott mlango. Mtu angeweza kubeba kinyongo, na pengine hakuna ambaye angemlaumu. Moore alibaki vikaoni akiuguza mguu huku akikaa karibu na kijana aliyechukua nafasi yake. Mwaka 2017 alishushwa hadi kikosi cha mazoezi. Januari 2018 akatundika daluga akiwa na miaka 29, na bila kukaa hata msimu mmoja nje, Cowboys wakampa kazi ya kocha wa makwotabeki. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa Prescott.

Uteuzi ule uliwashangaza wengi. Kwa waliolijua benchi la ufundi la Dallas haukuwa muujiza. Kocha mkuu, Jason Garrett, naye alikuwa kwotabeki wa akiba wa timu hiyohiyo miaka ya 1990, nyuma ya Troy Aikman. Wade Wilson, ambaye Moore alichukua kiti chake, pia alikuwa kwotabeki zamani. NFL ina ukoo mzima wa watu hawa. Gary Kubiak alimkalia benchi John Elway misimu tisa kisha akashinda Super Bowl akiwa kocha. Doug Pederson alikuwa akiba wa Brett Favre kisha akaipa Philadelphia taji lao la kwanza la Super Bowl. Kwotabeki wa akiba analipwa ili ajue kila kitu na asifanye chochote, na hakuna chuo cha ukocha kinachofundisha kwa ukali huo.

Baada ya mwaka mmoja tu, Januari 2019, Linehan aliondoka na Moore akapandishwa kuwa mratibu wa mashambulizi. Alikuwa na miaka 30. Msimu ule Cowboys waliongoza ligi kwa yadi, na wale wachezaji wanaohama kabla ya mchezo, ule mtindo wa Boise, wakaanza kuonekana Dallas. Prescott alipiga yadi 4,902 za pasi, pungufu ya yadi moja tu kwa rekodi ya klabu iliyowekwa na Romo. Lakini timu ilimaliza na ushindi nane na vipigo vinane, na Garrett akapoteza kazi. Mike McCarthy alipokuja mwaka 2020 alimbakiza Moore, jambo ambalo kocha mkuu mpya hafanyi kirahisi, hasa akiwa yeye mwenyewe ni mtaalamu wa mashambulizi.

Mwaka 2021 Cowboys waliongoza ligi kwa pointi, 530, na Prescott akaweka rekodi ya klabu kwa tachidauni 37 za pasi. Kisha ukaja mtoano. San Francisco waliwafunga 23-17, Dallas wakifanya makosa 14 na muda ukiwaishia mikononi baada ya Prescott kukimbia na mpira katikati ya uwanja huku zimebaki sekunde 14. Mwaka uliofuata San Francisco haohao wakawatoa tena, 19-12. Mwishoni mwa Januari 2023 Moore na Cowboys wakaachana.

Lawama zilizomfuata hazikuwa za bure, na anayempenda asizifiche. Mashambulizi yake yalikuwa mazuri sana dhidi ya timu za kawaida, na mbele ya ulinzi mkali yalikosa kitu cha kuegemea. Walinzi waliojua kwamba pasi inakuja walijipanga kwa ajili ya pasi. McCarthy alilisema hadharani wiki chache baadaye: kwamba Moore alitaka ubao wa matokeo uwake, wakati yeye kama kocha mkuu alitaka kukimbiza mpira, yaani kuubeba kwa miguu badala ya kuupiga pasi, ili muda uende na walinzi wake wapumzike.

Los Angeles Chargers walimchukua siku moja tu baada ya kuachana na Cowboys. Mwaka ule ulikuwa wa taabu. Mwezi Desemba walifungwa 63-21 na Las Vegas, kocha mkuu Brandon Staley akafukuzwa kesho yake, na msimu ukaisha kwa ushindi tano na vipigo 12. Alipokuja kocha mpya na watu wake, Moore alikuwa anatafuta kazi ya tatu ndani ya miezi kumi na mbili hivi.

Hapo Philadelphia walimwita. Timu ilikuwa imetoka kwenye anguko: 2023 walianza na ushindi kumi dhidi ya kipigo kimoja, kisha wakaporomoka. Machi 2024 wakamsajili mkimbiaji Saquon Barkley kutoka New York Giants. Walianza 2024 kwa kusuasua, ushindi mbili na vipigo viwili, Hurts akiupoteza mpira mara kwa mara. Ikaja wiki ya mapumziko. Baada yake Eagles walishinda 12 kati ya 13 zilizobaki.

Kilichobadilika kinaonekana hata kwa asiyejua mchezo. Walianza kumpa Barkley mpira, na kumpa tena, nyuma ya safu kubwa ya wazuiaji iliyonolewa na Jeff Stoutland. Barkley alimaliza na yadi 2,005, mkimbiaji wa tisa tu katika historia ya ligi kufikia 2,000. Msimu ule hakuna timu iliyokimbiza mpira mara nyingi kuliko Eagles, wala iliyopiga pasi chache kuliko wao. Mratibu alikuwa nani? Kellen Moore, mtoto wa pasi, mwenye tachidauni 142 za chuo, yuleyule aliyeambiwa anapenda mno kuwasha ubao.

Wapo watakaosema kwamba mtu yeyote mwenye Barkley na wazuiaji wale angekimbiza mpira. Sikubaliani nao. Makocha wengi wamepewa wachezaji wazuri wakawalazimisha wacheze mpira wa kocha. Moore aliweka pembeni kitu alichokijua kuliko vyote, kilichompa jina na riziki, kwa sababu wachezaji aliowakuta walikuwa bora kwenye kitu kingine. Nadhani hapo ndipo ile misimu sita ya benchi ilipomlipa. Mtu aliyezoea kuwa mhimili wa timu kisha akajifunza kuisaidia akiwa pembeni, hapati shida sana kuuondoa mtindo wake katikati.

Na wala hakuusahau. Kwenye fainali Chiefs walikuja na nia moja, kumzima Barkley, na walifaulu: mikimbio 25, yadi 57 tu. Moore akageukia pasi. Hurts alikamilisha 17 kati ya 22, ikiwemo ile ndefu ya yadi 46 kwa DeVonta Smith iliyokuwa tachidauni na kuufanya ubao usomeke 34-0. Haki lazima isemwe: ulinzi wa Eagles, chini ya kocha Vic Fangio, ndio uliovunja mgongo wa Chiefs usiku ule, ukimwangusha kwotabeki wao Patrick Mahomes mara sita. Lakini upande wa mashambulizi uliona mlango mmoja umefungwa, ukafungua mwingine bila kuhangaika. Miaka mitatu nyuma, dhidi ya San Francisco, hicho ndicho kilichokosekana.

Saints walimsubiri. Timu nyingine zote zilizokuwa na nafasi zilikuwa zimeshaajiri, wao wakangoja fainali ipite ili wampate. Alipoanza kujenga benchi lake la ufundi, ulinzi alimkabidhi Brandon Staley, bosi wake wa zamani aliyefukuzwa Chargers baada ya kile kipigo cha 63-21. Kocha wa makwotabeki akawa Scott Tolzien, kwotabeki wa akiba wa zamani aliyekuwa naye Dallas. Na kiti cha mratibu wa mashambulizi, kile alichokalia mwenyewe Dallas, Los Angeles na Philadelphia, alimpa Doug Nussmeier, aliyefuatana naye katika miji yote mitatu. Nussmeier alichezea Chuo Kikuu cha Idaho, jimbo lilelile lenye uwanja wa buluu, na mwaka 1994 timu iliyomchukua kwenye drafti ilikuwa New Orleans Saints, ambako naye alianza kama kwotabeki wa benchi.